Utepe wa Masinki

Masinki yalikuwa matatu, meupe, yamepangwa ukutani mlangoni mwa wodi ya wazazi. Kila moja lilikuwa na bomba la kufungulia kwa kiwiko ili mtu asishike kwa mkono. Mbele yake ulipita utepe wa buluu, kutoka ukuta huu hadi ule, umefungwa ua kubwa katikati, na kila sinki lilikuwa limefunikwa nailoni. Niliyaona siku tulipomleta binti yangu Anande kujifungua, nikafurahi. Nilimwambia mkwe wangu Lerionka, "Angalau hapa wamejipanga."

Anande ni mtoto wangu wa pekee. Baada yake sikushika tena mimba, na nyumba yetu pale Kikwe ilibaki na vyumba vitupu ambavyo marehemu mume wangu alivijenga kwa matumaini. Tangu akiwa mdogo alikuwa akiniambia, "Mama, mimi nitazaa wanne, nikuletee wote wakati wa likizo wakuchoshe." Alipoolewa Kikatiti alianza kutafuta majina kabla hata ya mimba. Siku tunaingia pale kituoni alikuwa nayo tayari yote manne.

Mtoto alikaa vibaya tumboni, wakampasua Anande. Kituo chetu cha afya kina chumba cha upasuaji, na mganga mfawidhi, Daktari Ebenezer, ana mkono mzuri. Hilo simnyimi. Mtoto alitoka akilia kwa nguvu, wa kiume, wakampa jina la kwanza kwenye orodha ya Anande: Lesian. Tulipeleka mtori, tukapeleka loshoro ya mahindi na maziwa mgando, Lerionka akasimama mlangoni akicheka peke yake kama mtu aliyepotelewa na akili.

Kitanda cha pembeni alikuwa amelala Sinyati, mwanamke wa Kiarusha mzaliwa wa Olmotonyi aliyeolewa huku kwetu. Naye alikuwa amepasuliwa, siku kadhaa kabla ya Anande. Alikuwa mcheshi.

"Mama Anande," aliniambia, "huyo mjukuu wako ana sauti ya dalali. Mpelekeni mnadani auze ng'ombe."

"Na wako mbona halii?"

"Wangu ni msomi. Anafikiria."

Alicheka huku ameshika tumbo, kisha akanyamaza ghafla na kufumba macho. Mshono wake ulikuwa umeanza kufunguka upande mmoja. Ulikuwa na harufu. Nimefanya kazi kwenye mazizi, harufu hiyo haihitaji kuelezwa.

Muuguzi wa zamu alikuwa Sista Namnyaki, msichana mwembamba, mpole, peke yake kwa wodi nzima. Asubuhi ile alimsafisha Sinyati kidonda, akakamua usaha, akafunga. Akavua glovu, akafuta mikono kwenye aproni, akatoa glovu nyingine mfukoni mwa aproni ileile, akageukia kitanda chetu na kuanza kubandua plasta ya Anande.

"Sista," nikasema. "Mikono."

Alisimama na plasta imebanduka nusu. Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika.

"Mama, nikanawe wapi?"

Nilimwonyesha masinki kwa kidevu.

"Yale hayajazinduliwa," akasema.

"Na kabla hayajaletwa mlikuwa mnanawia wapi?"

"Tulikuwa na ndoo za koki, moja huku, moja kule. Zilikuwa nzuri tu. Masinki yalipofungwa ukutani, tukaambiwa ndoo zipelekwe stoo, mgeni rasmi asije akakuta ndoo za plastiki pembeni ya masinki mapya. Ni aibu, wakasema. Dawa ya kupaka mikononi nayo iliisha, hatujaletewa nyingine."

"Kwa hiyo sasa?"

"Sasa kuna bomba la nje, karibu na jiko. Nikienda kila mgonjwa, mama, wengine watazalia sakafuni. Mimi ni mmoja."

Mimi nina diploma ya mifugo kutoka Tengeru na nimezeeka nikiwaambia watu wanawe kabla ya kukamua. Lakini sikuwa na la kumfundisha Namnyaki. Alijua kuliko mimi. Juu ya masinki kulikuwa na bango la picha linaloonyesha namna ya kunawa, kucha, katikati ya vidole, hadi kifundo cha mkono. Hakuna aliyekuwa hajui. Kila mtu aliyepita mbele ya utepe ule alijua.

"Mgeni rasmi anakuja lini?" nikauliza.

"Alikuwa aje mwezi uliopita. Akasafiri kwenda Dodoma. Wakasogeza mbele, ukatokea msiba. Sasa hivi tunasubiri tarehe."

Nikamwambia aache plasta kama ilivyo, nikatoka hadi bomba la jikoni na bakuli na sabuni, nikamletea maji. Alinawa palepale kitandani, taratibu, kama linavyoonyesha lile bango. Kisha akamshughulikia binti yangu. Mshono ulikuwa msafi, umekauka. Sinyati alikuwa akitutazama.

"Mimi sikuletewa maji," akasema. Safari hii hakuwa anatania.

Kesho yake nilikuja na ndoo yangu yenye koki kutoka nyumbani, ile ninayotumia kwenye banda la maziwa, nimeisugua kwa jiki. Nikaiweka juu ya stuli katikati ya vitanda, sabuni pembeni, beseni chini. Sikumwomba mtu ruhusa. Kufikia mchana wauguzi wote wawili, wa zamu ya asubuhi na wa mchana, walikuwa wakiitumia, na ndugu wa wagonjwa pia, hata yule bibi mkali wa kitanda cha mwisho ambaye alikuwa hamsalimii mtu. Nilirudi nyumbani kumpikia Anande nikiwa na moyo mwepesi.

Niliporudi siku iliyofuata ndoo haikuwepo.

"Jana ulipoondoka walikuja watu wa maandalizi ya uzinduzi," Anande akaniambia. Alikuwa ananyonyesha. "Wanapima watakapopita na kamera. Wakasema ndoo inachafua sura ya wodi. Imepelekwa stoo."

"Na jana jioni sista alinawa kabla ya kukufungua?"

Alimrekebisha mtoto kwenye titi. "Sista alikuwa mwingine, mama. Alikuwa na haraka. Alitoka kwa Sinyati."

Nikaweka mkono kwenye paji la uso wake. Lilikuwa na joto kidogo, la kukufanya ujiambie labda ni blanketi.

Nikaenda ofisini kwa Daktari Ebenezer. Aliinuka nilipoingia. Ni kijana wa rika la Anande, amelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndoo yangu iko wapi?"

"Ndoo ipo salama, mama. Kaa kwanza."

"Sikai. Masinki yana maji?"

"Yana maji. Fundi alijaribu, yanatoka vizuri kabisa. Maji ya mlimani, presha ya kutosha."

"Basi yafungue."

Akavuta pumzi. Akaniambia nilivyotegemea angeniambia, kwa sauti ya upole: kwamba masinki hayajakabidhiwa rasmi. Kwamba mfadhili anataka picha ya mgeni rasmi akikata utepe na kunawa wa kwanza. Kwamba kikivunjika kitu kabla ya siku ile, atakayejibu ni yeye, na mwenzake wa kituo kingine alishaandikiwa barua kwa jambo dogo kuliko hilo. Kwamba aliomba mara mbili yatumike, akaambiwa avute subira.

"Daktari, yule Sinyati anaoza."

"Najua, mama. Tumembadilishia dawa."

"Na binti yangu ana joto."

Hapo alinyanyua uso. "Tangu lini?"

"Tangu mlipochukua ndoo."

Alitoka nami mbiombio hadi wodini. Kabla ya kumgusa Anande alipita mlango wa nyuma kwenda bomba la jikoni, nikamwona kupitia dirishani ameinama ananawa, daktari mzima, miguu kwenye matope ya maji ya vyombo, na masinki matatu meupe yako ndani. Alirudi mikono inachuruzika. Akafungua plasta. Mshono ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu, na alipobonyeza pembeni ulitoka usaha kidogo, kama chozi.

Anande alikuwa ananitazama mimi, si daktari.

"Ni kidogo," daktari akasema. "Tumewahi. Tutaanza sindano leo."

Akaenda kuandika dawa. Namnyaki, ambaye zamu yake ilikuwa imeanza, alikuja na kisahani cha vifaa, akasimama kati ya kitanda cha Sinyati na chetu, akatazama mlango wa nyuma, kisha akatazama mikono yake.

Kwenye kapu langu kulikuwa na kisu kidogo cha kumenyea ndizi. Nikakichukua, nikaenda mlangoni, nikakata ule utepe. Haukukatika kirahisi, ilibidi nisugue kama ninayekata kamba ya mbuzi. Ua likaanguka. Nikavuta nailoni, nikasukuma bomba kwa kiwiko kama lilivyotengenezewa.

Maji yalitoka mara moja. Mengi, baridi, safi. Yalikuwepo muda wote ule, nyuma ya koki, yakisubiri mheshimiwa.

"Haya, nawa," nikamwambia Namnyaki.

Alinawa. Yule muuguzi aliyekuwa anamaliza zamu akaja, akanawa. Akaja mfanya usafi, akaja bibi wa kitanda cha mwisho na mkwewe. Walipanga foleni bila kuongea, kama wanaoshiriki meza ya Bwana. Sinyati akaniita kutoka kitandani, sauti imepungua sana.

"Mama Anande, umekuwa mgeni rasmi. Hotuba iko wapi?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na ndiyo mara ya mwisho kucheka ndani ya jengo lile.

Daktari Ebenezer alikuta foleni ile. Alitazama utepe chini, akatazama kisu mkononi mwangu. Nilijiandaa kwa maneno. Aliokota ua, akalipangusa vumbi, akaliweka mfukoni mwa koti lake. Jioni hiyo masinki yalikuwa na utepe mpya, na bomba kubwa la nje linaloyapelekea maji lilikuwa limefungwa, funguo ameondoka nazo fundi. Namnyaki aliniambia amri imetoka juu. Juu wapi, hakujua. Huko juu hakuna anayejua ni wapi.

Homa ya Anande ilipanda. Sindano zile hazikufua dafu. Tumbo lilijaa na kuwa gumu, na maziwa yakaanza kukauka. Daktari alimwandikia rufaa mwenyewe, akaingia mwenyewe kwenye gari la wagonjwa, akakaa pembeni yake njia nzima hadi mjini, ameshika dripu. Mimi nilikuwa mbele na Lesian kifuani. Meru ilikuwa wazi siku hiyo, haina wingu hata moja. Niliichukia kwa kupendeza vile.

Kule mjini walimwingiza tena chumba cha upasuaji. Daktari mwanamke, mtu mzima, alitoka kuniambia. Usaha ulikuwa umefika kwenye kizazi. Walikuwa na mambo mawili ya kuchagua, na moja lilikuwa ni kumzika.

"Mmekitoa," nikasema.

"Tumekitoa, mama. Pole sana. Ataishi."

Lerionka aliketi chini kwenye korido, mgongo ukutani. Hakuuliza kitu juu ya watoto, hata leo hajauliza. Kwao ndiko wanakouliza. Mama yake alikuja kumwona Anande, akasalimia vizuri, akamshika mtoto, kisha akamwambia Lerionka mbele yetu kwamba binamu yake fulani ana binti amemaliza shule. Alisema tu hivyo, kama anayetaja habari za mvua.

Anande alipopata nguvu alitaka kujua kila kitu. Sikumficha. Sijawahi kumficha kitu, wala sikuona sababu ya kuanza siku ile. Nilipomaliza alikuwa bado na maswali.

"Sinyati je?"

"Sinyati amefariki."

"Na yule msomi wake?"

"Yuko kwa bibi yake."

Akageuza uso ukutani. Baadaye akasema, "Nilikuwa na majina mengine matatu, mama." Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, chooni, bomba nimelifungulia ili nisisikike.

Tulikuwa tumesharudi Kikwe wakati Saning'o, mwenyekiti wetu wa kijiji, alipokuja nyumbani na kofia mkononi. Tarehe ya uzinduzi imepatikana. Ilitakiwa mama mmoja mwenye mjukuu aliyezaliwa pale kituoni atoe neno la shukrani kwa niaba ya wazazi.

"Tumeona wewe, Mama Anande. Umesoma, hutababaika. Maneno machache tu, usisahau kumshukuru mgeni na mfadhili."

Nilitambua kwamba hajui. Alikuwa anajua Anande aliugua, kama watu wanavyougua. Ningemfukuza. Badala yake nikamwambia, "Nitasema."

Anande alisikia kutoka chumbani. Saning'o alipoondoka aliniita.

"Utawaambia?"

"Nitawaambia."

"Na jina langu ulitaje," akasema. "Nisije nikawa mgonjwa mmoja."

Siku yenyewe walikuwa wamefunga maturubai, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe, kwaya imevaa sare, na muziki ulisikika hadi barabara ya Moshi. Daktari Ebenezer aliponiona nimekaa safu ya mbele, kwenye kiti cha mtoa shukrani, uso ulimpauka. Alinitazama, nikamtazama. Kisha akainamisha kichwa kidogo, kama anayesema sawa, sema. Nadhani alitaka niseme. Nadhani alikuwa akisubiri mtu yeyote aseme isipokuwa yeye.

Mshereheshaji alikuwa kijana kutoka mjini mwenye suti inayong'aa. Kila msemaji akimaliza sentensi mbili, yeye alichomeka: "Makofi kwa mwenyekiti. Makofi ya kilo." Na watu walipiga, kwa mpigo, kama walivyofundishwa tangu asubuhi.

Nilipopewa kipaza sauti sikusalimia kwa itifaki. Nilisema hivi:

"Mimi ni mama wa Anande. Anande alijifungua hapa kwa upasuaji akiwa mzima. Masinki haya yalikuwa hapo, yana maji, yamefungwa utepe yakimsubiri mgeni. Ndoo za kunawia zilitolewa ili zisiharibu picha. Wauguzi hawakuwa na pa kunawa, wakatoka kwenye kidonda cha jirani wakaingia kwenye kidonda cha mwanangu. Mwanangu ametolewa kizazi. Jirani yake, Sinyati, tumemzika. Niliukata utepe huu kwa kisu cha ndizi, mkaufunga tena. Ningependa kujua aliyeufunga analalaje."

Kulikuwa na ukimya. Niliusikia ule ukimya, ulikuwepo, sijaota. Kwaya walinitazama. Mwanamke mmoja nyuma alifunika mdomo kwa kitenge. Mgeni rasmi, aliyekuwa ameinamia simu yake, alihisi kelele zimekatika, akanyanyua kichwa, akatabasamu, akainamisha kichwa kwa heshima kunielekea.

"Makofi kwa mama," mshereheshaji akasema. "Makofi ya kilo kwa mama yetu."

Wakapiga.

Walipiga kwa mpigo, moja, mbili, tatu. Sidhani walikuwa na ubaya. Mikono ilienda yenyewe. Muziki ukawashwa, mtu akanishika kiwiko kwa upole akanirudisha kwenye kiti. Msichana aliyevaa glovu nyeupe akaleta mkasi juu ya mto wa satini. Glovu zilikuwa mpya, za kitambaa, safi kama theluji ya Kibo. Mgeni akakata utepe, akasukuma bomba kwa mkono badala ya kiwiko, maji yakatoka, kamera zikawaka. Aliombwa arudie, kwenye picha ya kwanza alikuwa amefumba macho.

Kisha ikaja pilau. Kabla ya chakula, kama ilivyo desturi yetu, wageni walinawishwa wakiwa wamekaa. Walipita na birika la maji ya vuguvugu, beseni, sabuni na taulo, kiti hadi kiti, hakuna aliyerukwa. Upande wetu aliyeshika birika alikuwa Namnyaki, katika sare yake ya kazi. Aliponifikia hakuweza kuniangalia.

"Shikamoo, mama. Nawa."

"Wodini amebaki nani?"

Alimimina maji. Yalipita juu ya vidole vyangu yakaanguka kwenye beseni.

"Hakuna, mama. Tumeambiwa wote tuje tuwanawishe wageni."

Nikajipangusa kwenye gauni langu, nikaondoka bila kula. Nilipita wodini. Mzazi mmoja alikuwa ananyoosha mkono kufikia kikombe cha maji, nikampa. Masinki yalikuwa makavu tayari, mtu ameyafuta yang'ae, na nailoni ilikuwa imerudishwa juu yake yasiingie vumbi.

Nyumbani Anande alikuwa amekaa kwenye veranda, Lesian kwenye titi. Maziwa yamerudi kidogo, upande mmoja.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Jina langu umelitaja?"

"Nimelitaja. La Sinyati pia."

"Wakasemaje?"

Nilivua viatu kwanza.

"Wamepiga makofi," nikasema.

Anande alimtoa mtoto kwenye titi lenye maziwa, akamhamishia kwenye lile kavu, akamwacha avute.